Umeme Watoka Wapi? Somo Kutoka Mpanda

Mwanafunzi wa sekondari mjini Mpanda akiulizwa umeme unatoka wapi, aghalabu hujibu kwamba unatoka katika nguzo. Akiulizwa zaidi, husema unatoka katika mtambo. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hakuna hata moja linalokata kiu. Nguzo hushika waya tu. Mtambo nao, usipolishwa kitu, ni chuma kizito kisichoweza kuwasha hata balbu ya tochi. Linabaki swali: mtambo hulishwa nini, na chakula hicho hutoka wapi?

Kwa wakazi wa Mkoa wa Katavi swali hilo si la kitabuni tu. Mkoa huo, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, ulikaa kwa miaka mingi nje ya Gridi ya Taifa. Taa za Mpanda, makao makuu ya mkoa, ziliwashwa kwa jenereta za dizeli zilizofungwa mjini humo humo. Dizeli ilipochelewa au mashine ilipoharibika, mji ulikaa gizani hata kama mabwawa ya Kidatu na Mtera yalikuwa yamejaa maji hadi ukingoni. Anayefahamu kwa nini ilikuwa hivyo ameifahamu sehemu kubwa ya somo la umeme.

UMEME NI MPAGAZI

Katika karne ya 19 nchi hii ya magharibi ilijulikana kwa wapagazi wake. Misafara ilitoka pwani hadi Tabora, na kutoka Tabora mingine ilishika njia ya Karema, kwenye Ziwa Tanganyika. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, akautua mwisho wa safari. Hakuna aliyedhani kwamba mpagazi ndiye aliyeyaumba meno ya ndovu au nguo alizozibeba. Kazi yake ilikuwa kuutoa mzigo mahali ulipo na kuufikisha mahali unapotakiwa.

Umeme nao ni mpagazi. Mzigo wake ni nishati, yaani uwezo wa kufanya kazi. Nishati haiumbwi wala haipotei. Hubadilika sura tu. Hiyo ndiyo kanuni ya hifadhi ya nishati, nayo ni msingi wa fizikia yote. Taa inapotoa mwanga, mashine inapokoboa mpunga, au pasi inapopata moto, nishati hiyo ilikwisha kuwako mahali pengine katika sura nyingine: katika mafuta, katika maji yaliyo juu ya mlima, au katika miali ya jua. Kwa hiyo kila mtambo wa umeme, uwe mdogo au mkubwa, una maswali mawili: nishati imechukuliwa wapi, na imefikishwaje kwa mtumiaji?

Nishati ya umeme huuzwa kwa kipimo kiitwacho yuniti. Yuniti moja ni kilowati-saa moja, yaani nishati inayotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Ni sawa na jouli 3,600,000. Ili kuuhisi uzito wa yuniti, ichukuliwe kwamba mtu mwenye afya anakanyaga pedali za baiskeli iliyofungwa jenereta, naye anatoa wati 75 bila kupumzika. Kwa siku ya kazi ya saa 8 atakuwa ametoa wati-saa 600, yaani sehemu 6 tu katika 10 za yuniti. Yuniti moja, basi, ni karibu kazi ya siku mbili za mtu mzima. Anayeacha taa ikiwaka mchana kutwa bila sababu anamchosha mpagazi asiyeonekana.

SUMAKU NA WAYA

Mwaka 1820 mwanasayansi wa Denmark, Hans Christian Oersted, aligundua kwamba waya wenye mkondo wa umeme huigeuza sindano ya dira. Maana yake ni kwamba umeme unaweza kuzaa sumaku. Wataalamu wengi wakajiuliza: je, sumaku nayo yaweza kuzaa umeme? Jibu lilipatikana mwaka 1831 katika maabara ya Michael Faraday mjini London.

Faraday alitambua kwamba sumaku iliyotulia karibu na koili, yaani waya uliosokotwa mizunguko mingi, haitoi umeme wowote. Lakini sumaku ikisukumwa kuingia ndani ya koili, mkondo hupita. Ikivutwa kutoka, mkondo hupita tena kwa kuelekea upande wa pili. Kinachotakiwa ni mabadiliko. Sumaku ikienda kasi zaidi, umeme huongezeka. Mizunguko ya koili ikiwa mingi zaidi, umeme huongezeka pia.

Sababu yake ni kwamba waya wa shaba umejaa elektroni zinazoweza kutembea. Sumaku inapopita, elektroni hizo husukumwa kando ya waya. Jenereta haiziumbi elektroni. Zilikuwamo ndani ya waya tangu mwanzo, kama maji yaliyomo tayari ndani ya bomba. Jenereta huzisukuma tu.

Katika jenereta kubwa, sumaku huzungushwa katikati ya koili zilizotulia. Ncha ya kaskazini ikipita mbele ya koili, elektroni husukumwa upande mmoja. Ncha ya kusini ikipita, husukumwa upande mwingine. Ndiyo maana umeme wa majumbani huitwa mkondo geu: huenda na kurudi. Nchini Tanzania hufanya hivyo mara 50 kwa kila sekunde. Jenereta yenye ncha 4 za sumaku, yaani jozi 2, sharti izunguke mara 25 kwa sekunde, au mara 1,500 kwa dakika, ili kukitimiza kipimo hicho.

JARIBIO: DAINAMO YA BAISKELI

Jenereta ndogo kuliko zote imo vijijini kote: dainamo ya baiskeli. Mwalimu anaweza kuitumia kufundishia bila maabara.

Vifaa vinavyohitajika ni baiskeli moja yenye dainamo, na taa yake ya volti 6 na wati 3.

Kwanza, baiskeli igeuzwe juu chini na dainamo iegemezwe kwenye tairi. Waya wa taa uondolewe. Mwanafunzi mmoja azungushe gurudumu kwa nguvu, aliachie, na wenzake wahesabu limezunguka mara ngapi kabla ya kusimama. Valvu ya tairi itumike kama alama ya kuhesabia. Jaribio lirudiwe mara tatu na wastani uandikwe.

Pili, waya wa taa urudishwe. Gurudumu lizungushwe tena kwa nguvu ileile kadiri iwezekanavyo, na mizunguko ihesabiwe.

Wanafunzi wataona kwamba gurudumu husimama mapema zaidi taa inapokuwa imefungwa. Dainamo ni ileile, tairi ni lilelile, na msuguano ni uleule. Kilichoongezeka ni mkondo. Mkondo unapopita katika koili, koili nayo huwa sumaku, na sumaku hiyo huipinga ile inayozunguka. Mwanga wa taa umelipiwa kwa mwendo wa gurudumu.

Tatu, gurudumu lizungushwe polepole sana. Taa itapepesa badala ya kuwaka sawasawa. Hapo mwanafunzi anauona mkondo geu kwa macho yake: kila kupepesa ni ncha moja ya sumaku ikipita. Gurudumu likienda kasi, kupepesa huwa kwa haraka hata jicho haliwezi kukutambua.

Tahadhari: jaribio hili lifanywe kwa dainamo ya baiskeli tu. Umeme wa nyumbani, wenye volti 230, huua, na haufai kuchezewa kwa jaribio lolote la darasani.

Jaribio hili dogo linajibu jambo ambalo watu wengi hulikosea. Wako wanaodhani kwamba jenereta ikishawashwa inaweza kujiendesha yenyewe kwa umeme wake. Mwenye kulihesabu gurudumu la baiskeli hawezi kuamini hivyo tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka mwanga sharti alishe mtambo.

MIAKA YA DIZELI

Mpanda si mji mgeni kwa mashine. Tawi la reli kutoka Kaliua lilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mukwamba. Mgodi huo ulifungwa, lakini reli ilibaki, na mji ukaendelea kukua kwa kilimo, biashara na uchimbaji wa dhahabu.

Mji ulio mbali na gridi, wenye watu wa kutosha kuhitaji umeme lakini wasio wengi kiasi cha kujengewa mtambo mkubwa, kwa kawaida hupewa jenereta za dizeli. Hizo husafirishwa kwa urahisi, hufungwa kwa muda mfupi, na huweza kuwashwa au kuzimwa wakati wowote. Miongoni mwa mashine zilizofungwa Mpanda katika miaka ya 2010 zilikuwamo jenereta mbili za kilowati 1,250 kila moja.

Ndani ya injini ya dizeli, pistoni husindika hewa katika silinda mpaka ipate joto kali. Dizeli hupuliziwa humo, huwaka yenyewe bila cheche, na gesi ya moto huisukuma pistoni. Msukumo huo hugeuzwa kuwa mzunguko, nao huzungusha sumaku ya jenereta. Safari ya nishati ni ndefu: kutoka mafuta kuwa joto, kutoka joto kuwa mwendo, kutoka mwendo kuwa umeme.

Kila hatua hutoza ushuru wake. Lita moja ya dizeli ina nishati ya jouli milioni 36 hivi, yaani sawa na yuniti 10. Hata hivyo, jenereta nzuri hutoa yuniti kati ya 3.5 na 4 tu kwa lita. Zaidi ya nusu ya nishati huondoka kama joto, kupitia bomba la moshi na rejeta. Huo si uzembe wa fundi. Ni sheria ya maumbile kwamba mashine yoyote inayogeuza joto kuwa mwendo lazima iache sehemu ya joto iende zake.

Kwa hesabu hiyo, jenereta moja ya kilowati 1,250 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hunywa zaidi ya lita 300 za dizeli kwa saa, au zaidi ya lita 7,000 kwa siku. Dizeli yote huagizwa kutoka nje ya nchi, hupakuliwa pwani ya Bahari ya Hindi, kisha husafirishwa zaidi ya kilometa 1,000 hadi Mpanda. Nishati iliyokuwa chini ya ardhi ya nchi nyingine ilisafiri kwa meli, kisha kwa tangi la mafuta, kabla ya kuingia katika balbu moja ya mtaani. Na kwa kuwa bei ya yuniti nchini hupangwa kwa taifa zima, mteja wa Mpanda hakulipa zaidi ya mteja wa Morogoro. Tofauti hiyo ya gharama ilibebwa na Shirika la Umeme, yaani na taifa.

Iko shida nyingine isiyohusu bei. Umeme wa mkondo geu hauwekwi ghalani kama mpunga. Unaozalishwa sekunde hii hutumiwa sekunde hii hii. Mkobozi wa mpunga anapowasha mota yake, mota hiyo kwa muda mfupi huvuta mkondo mara tano au zaidi ya ule wa kawaida. Jenereta huhisi uzito huo kama gurudumu la baiskeli lilivyohisi taa: huanza kupunguza mwendo. Kidhibiti mwendo huongeza dizeli mara moja ili kuurudisha. Ikiwa mashine tayari imefikia kikomo cha nguvu zake, mwendo huzidi kushuka, na swichi za kinga huikata ili isiharibike.

Katika mtandao mkubwa wenye mitambo mingi, mota moja ya kukobolea haionekani. Katika mji wenye jenereta chache, ni kishindo. Na jenereta moja ikiwa mikononi mwa mafundi, hapana budi mitaa igawane umeme kwa zamu. Udhaifu huo haukutoka kwa watu wala kwa dizeli yenyewe. Ulitoka katika upweke wa mtambo.

MAJI YANAYOFANYA KAZI MARA TATU

Msomaji ataweza kuuliza: kwa nini Katavi haikutumia mito yake? Jibu linaonekana katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi kila mwaka. Wakati wa masika Mto Katuma hutanda juu ya mbuga. Ifikapo Septemba na Oktoba hubaki vidimbwi, na viboko kwa mamia husongamana matopeni wakigombea maji. Mto wa namna hiyo hauwezi kuendesha mtambo mwaka mzima bila bwawa kubwa, na nchi tambarare haifai kwa bwawa.

Nguvu ya maji hutegemea mambo mawili: wingi wa maji na urefu wa maanguko. Kila kilo moja ya maji ikishuka meta moja hutoa jouli 9.8. Katika Mtambo wa Kihansi, mkoani Morogoro, maji hushuka zaidi ya meta 800. Tani moja ya maji, yaani lita 1,000, ikianguka meta 800 hutoa jouli 7,840,000. Baada ya kupunguza upotevu ni yuniti 2 hivi.

Hesabu hii yafaa kutafakariwa. Tani nzima ya maji kutoka mlimani hutoa yuniti 2, na lita moja ya dizeli hutoa zaidi ya 3. Kwa nini, basi, taifa limejenga mabwawa? Kwa sababu dizeli ikishaungua imekwisha, lakini maji hupandishwa tena mlimani bila malipo. Jua huyageuza maji ya bahari kuwa mvuke, upepo huusukuma mvuke huo barani, na mvua huyarudisha maji juu ya milima. Mtambo wa maji kwa hakika ni mtambo wa jua uliopitia mawinguni.

Ndani ya mtambo, maji husukuma gurudumu lenye mapanga, ambalo wahandisi huliita tabini, na tabini huzungusha sumaku. Hakuna moto, na kwa hiyo hakuna ushuru mkubwa wa joto: karibu sehemu 9 katika 10 za nishati ya maji hugeuka kuwa umeme.

Mtambo wa Hale katika Mto Pangani, wenye megawati 21, ulianza mwaka 1964. Kidatu, katika Mto Ruaha Mkuu, ulianza mwaka 1975 na kukamilika mwaka 1980 ukiwa na megawati 204. Mtera, wenye megawati 80, ulifuata mwaka 1988. Mtambo wa Julius Nyerere katika Mto Rufiji ulijengwa kwa mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Mashine yake ya kwanza ilianza kutoa umeme mwaka 2024.

Mwenye ramani na afuate mkondo wa Ruaha Mkuu kwa kidole. Maji yake huzungusha tabini za Mtera, kisha hushuka hadi Kidatu na kuzizungusha za huko, kisha huingia Rufiji na kufika katika Mtambo wa Julius Nyerere. Maji yaleyale hufanya kazi mara tatu kabla ya kufika baharini. Hiyo ni faida kubwa, lakini ni hatari pia: ukame katika chanzo kimoja hupiga mitambo yote mitatu. Mgawo wa umeme wa mwaka 2006 na ule wa mwaka 2011 uliwafundisha Watanzania kwamba mvua ya nyanda za juu na taa ya mjini ni mtu na ndugu yake. Ndiyo maana gesi asilia nayo ilitafutiwa nafasi: ile ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba kutoka Mtwara likafuata mwaka 2015.

NJIA NDEFU KUTOKA TABORA

Nishati ikishageuzwa kuwa umeme, inabaki kazi ya kuifikisha. Ili nguvu ya Gridi ya Taifa ifike Katavi, njia ya msongo wa kilovolti 132 ilijengwa katika miaka ya 2020 kutoka Tabora, ikipitia Ipole na Inyonga hadi Mpanda, mwendo wa kilometa 380 hivi. Kwa nini kilovolti 132, wakati taa ya nyumbani inataka volti 230 tu?

Waya wowote una ukinzani, na mkondo upitao ndani yake huupa joto. Nishati inayopotea kwa joto hilo hupatikana kwa kuzidisha mkondo kwa mkondo wenyewe, kisha kuzidisha kwa ukinzani. Mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu huongezeka mara nne.

Ichukuliwe, kwa hesabu rahisi, kwamba kilowati 1,000 zinapelekwa katika waya wenye ukinzani wa ohimu 60 mwendo mzima. Kwa msongo wa volti 11,000, mkondo ni 1,000,000 kugawanya kwa 11,000, yaani ampea 91 hivi. Upotevu ni 91 mara 91 mara 60, karibu wati 497,000. Nusu ya umeme wote imekwisha njiani, ikiwapasha joto ndege waliotua juu ya waya.

Kwa msongo wa volti 132,000, mkondo ni ampea 7.6 tu. Upotevu ni 7.6 mara 7.6 mara 60, yaani wati 3,500 hivi: chini ya nusu ya sehemu moja katika 100. Msongo umeongezwa mara 12, na upotevu umepungua mara 144. Kifaa kinachopandisha na kushusha msongo ni transfoma, nayo hufanya kazi kwa kanuni ileile ya Faraday: koili mbili, mabadiliko ya sumaku, na mkondo geu. Bila mkondo geu transfoma haifanyi kazi, na bila transfoma Mpanda na Rufiji haziwezi kuunganishwa.

Faida ya kuunganishwa si wingi wa umeme tu. Mitambo yote ya gridi huzunguka kwa mwendo mmoja, kama jozi za maksai waliofungwa nira moja. Mmoja akijikwaa, wengine huubeba mzigo. Hata hivyo, umoja huo una sharti lake: hitilafu kubwa ya mahali pamoja yaweza kuhisiwa mahali pengi, na nguzo ikianguka katika msitu wa Inyonga, mji ulio mbele yake hukatika.

HAZINA YA KATAVI YENYEWE

Mpanda iko karibu digrii 6 kusini ya Ikweta. Meta mraba moja ya ardhi yake hupokea kutoka kwa jua nishati ya yuniti 5 hivi kwa siku. Paneli ya jua yenye uwezo wa kugeuza sehemu moja katika tano hutoa yuniti moja kwa siku kwa kila meta mraba: ile kazi ya mtu ya siku mbili, bila moshi wala lori la mafuta. Paneli haina sumaku wala kitu kizungukacho. Miali ya jua hugonga elektroni ndani ya silikoni na kuzisukuma upande mmoja, kwa hiyo mkondo wake haurudi nyuma. Kasoro yake ni usiku: lazima iwe na betri, au iungane na chanzo kingine. Kwa zahanati na shule zilizo mbali na nguzo, mara nyingi ndiyo njia fupi kuliko zote.

Kadhalika pumba za mpunga, zinazorundikana karibu na mashine za kukobolea, ni jua lililofungwa ndani ya mmea. Na huko Mpimbwe, jina la kijiji cha Majimoto lashuhudia kwamba Bonde la Ufa lina joto lake chini ya ardhi. Chemchemi ya moto peke yake haitoshi kuthibitisha kwamba mtambo wawezekana, lakini ni alama ambayo wanajiolojia huanzia.

Mwanafunzi wa Mpanda, basi, akiulizwa tena umeme unatoka wapi, asiishie kwenye nguzo. Aseme kwamba umeme ni mpagazi tu, kisha ataje mzigo na mahali ulikotoka: mvua ya Ruaha, gesi ya Songo Songo, dizeli ya ng'ambo, au jua la paa la nyumba yao. Mwenye kujua hivyo atajua pia kwa nini mto wa mbali unamhusu, na kwa nini taa isiyo na kazi ifaa izimwe.

MASWALI

1. Eleza kwa nini sumaku iliyotulia ndani ya koili haitoi umeme.

2. Lita moja ya dizeli imetoa yuniti 3.5. Ikiwa mtu hutoa wati 75 kwa saa 8 kila siku, ni sawa na kazi ya siku ngapi?

3. Kokotoa nishati ya tani moja ya maji inayoanguka meta 100. Toa jibu kwa jouli, kisha kwa yuniti.

4. Rudia hesabu ya waya wenye ukinzani wa ohimu 60 kwa kilowati 1,000 na msongo wa volti 33,000. Upotevu ni sehemu ngapi katika 100?

5. Jadili: je, kijiji kilicho kilometa 40 kutoka kwenye nguzo ya karibu kijengewe njia ya umeme au kipewe paneli za jua? Taja mambo ambayo lazima yapimwe kabla ya kuamua.